Mipira Hamsini ya Aasif Karim

8.2, 6, 7, 3.

Mtu asiyejua kriketi akiziona nambari hizi atadhani ni namba ya siri ya M-Pesa aliyoiandika mtu msahaulifu. Anayejua atatulia kwanza, asome mara ya pili, kisha aulize: ni nani huyu? Nambari hizo zinasema mtu mmoja alirusha ova nane na mipira miwili, ova sita kati ya hizo hazikutoa mkimbio hata mmoja, jumla akafungwa mikimbio saba tu, na akatoa wapigaji watatu. Mtu huyo ni Aasif Karim wa Mombasa. Siku ni tarehe 15 Machi 2003, uwanja wa Kingsmead mjini Durban, Kombe la Dunia la kriketi. Mpinzani ni Australia, timu ambayo katika kombe hilo haikushindwa na mtu yeyote. Karim alikuwa na miaka 39, na alikuwa ameshastaafu baada ya Kombe la 1999 kabla ya kuitwa tena.

Mimi ni mtoto wa Garissa. Sijawahi kushika gongo la kriketi, na mwaka huo wa 2003 nilikuwa bado nabebwa mgongoni. Lakini ukiniuliza leo ni mwanaspoti gani wa Kenya ninayemhusudu kuliko wote, sitakutajia Kipchoge wala Rudisha. Nitakutajia huyu mzee wa mkono wa kushoto aliyerusha mpira polepole. Ngoja nikueleze sababu, maana haihusu mchezo peke yake.

Kwanza mchezo wenyewe, kwa faida ya wale ambao kriketi kwao ni mdudu wa usiku. Kuna vijiti vitatu vimesimamishwa ardhini. Mpigaji anasimama mbele yake na gongo. Mrushaji anatoka upande wa pili na mpira mgumu, nia yake ni kuviangusha vile vijiti, au kumlazimisha mpigaji apige vibaya mpira udakwe hewani, au umgonge mguuni pale ambapo ungeenda kwenye vijiti. Ova moja ni mipira sita. Mpigaji akipiga vizuri anakimbia, na kila mkimbio ni pointi. Ova kupita bila mkimbio hata mmoja ni kazi. Ova sita kama hizo katika mechi ya siku moja, ambapo wapigaji wana haraka, ni kitu cha kumsimulia mjukuu.

Kuna warushaji wa kasi na kuna warushaji wa akili. Siku hiyo Durban walikuwepo wote. Upande wa Australia alikuwepo Brett Lee, mmoja wa warushaji wa kasi zaidi waliowahi kutokea duniani. Lee alianza mechi kwa kuwatoa Wakenya watatu kwa mipira mitatu mfululizo: Kennedy Otieno, Brijal Patel na David Obuya. Watatu wakarudi bandani kabla chai haijapoa. Kenya ikajikokota na kufikisha mikimbio 174 katika ova zake 50.

Australia wakaingia kutafuta 175. Adam Gilchrist akaanza kupiga kama mtu aliyeacha jiko likiwaka nyumbani: mikimbio 67 kwa mipira 43. Mechi ilikuwa inaisha mapema. Hapo ndipo nahodha Steve Tikolo akampa mpira Karim.

Karim hakuwa na kasi yoyote ya kutisha. Hatua chache, mkono wa kushoto unapanda, mpira unatoka vidoleni ukizunguka, unatua pale pale ulipotua ule wa kwanza, na wa pili, na wa tatu. Ricky Ponting, nahodha wa Australia, mmoja wa wapigaji wakubwa wa kizazi chake, mpira ukamgonga mguuni mbele ya vijiti na mwamuzi akainua kidole. Darren Lehmann akafuata. Kisha Brad Hogg, ambaye alitoka bila mkimbio hata mmoja. Timu iliyokuwa inaelekea kumaliza kazi ikajikuta ina mikimbio 117 na wapigaji watano nje.

Nimezifanyia hesabu hizi nambari mara nyingi, maana kuacha chuo mwaka wa pili hakukunizuia kujumlisha na kutoa. Australia walimaliza kwa mikimbio 178 katika ova 31 na mipira miwili. Hiyo ni mipira 188. Karim alirusha 50 kati ya hiyo na kutoa mikimbio saba. Mipira 138 iliyobaki ilizaa mikimbio 171, pamoja na ile ya ziada. Yaani kwa wengine Australia walikuwa wanapata zaidi ya mkimbio mmoja kwa kila mpira, na kwa Karim walikuwa wanasubiri mipira saba hivi ili wapate mkimbio mmoja. Uwanja ni ule ule, jioni ni ile ile, wapigaji ni wale wale. Tofauti ni mkono.

Kenya ilishindwa mechi hiyo. Nasema wazi ili usije ukadhani nakuuzia hadithi ya Daudi na Jaluti. Australia walishinda wakiwa bado na wapigaji watano mkononi, na wiki moja baadaye wakachukua kombe kwa kuifunga India mjini Johannesburg. Hata hivyo, mchezaji bora wa mechi alitangazwa Aasif Karim, kutoka timu iliyoshindwa.

Kuna aina ya kumpenda mchezaji ambayo Wamarekani wanaijua sana kwa sababu ya besiboli. Kule mrushaji anasimama peke yake kwenye kituta katikati ya uwanja, na hakuna kinachoanza mpaka yeye aamue. Timu ikiwa na mrushaji mmoja hodari, mashabiki wanahesabu siku mpaka zamu yake ifike. Mwaka 1965 timu ya Los Angeles Dodgers ilikuwa na Sandy Koufax, naye wa mkono wa kushoto. Tarehe 6 Oktoba, mechi ya kwanza ya fainali dhidi ya Minnesota Twins iliangukia sikukuu ya Yom Kippur, na Koufax, ambaye ni Myahudi, hakucheza. Dodgers wakapoteza mechi hiyo. Fainali ikaenda mpaka mechi ya saba, Koufax akasimama kituturani na hakuruhusu pointi hata moja. Kombe likaenda Los Angeles.

Wayahudi wa Marekani bado wanaisimulia habari hiyo, hata wasioshabikia besiboli. Na mimi ninaelewa kwa nini. Walikuwa watu ambao uraia wao ulikuwa na alama ya kuuliza pembeni, halafu mtu wao akawa ndiye anayetegemewa na timu nzima, bila kuficha yeye ni nani.

Hapa sasa ndipo nataka kumleta abti wangu.

Abti, yaani mjomba, ni mfanyabiashara wa mifugo na hana habari na michezo. Siku moja alikuja nyumbani akanikuta nimeinamia simu, natazama vipande vya mechi ile ya Durban kwa mara sijui ya ngapi. Akachungulia. Akaona wanaume wenye jezi za kijani, na katikati yao mtu mwenye sura ya Kihindi anarusha mpira.

"Hii ni Pakistan?" akauliza.

"Hapana abti, hii ni Kenya."

"Na huyu?"

"Aasif Karim. Wa Mombasa."

Akatazama kidogo, halafu akauliza, bila ubaya wowote: "Kwani huyu ni Mkenya?"

Nikamwangalia, na yeye akanitazama, halafu akaanza kucheka kabla sijasema neno. Alicheka mpaka shaah ikamwagika kwenye macawisi. Maana hilo swali, hilo hilo, abti wangu ameulizwa maisha yake yote. Ameulizwa kwenye basi, kwenye kizuizi, kwenye dirisha la ofisi. Basi likifika darajani pale Tana, abiria wanateremka, wanapanga foleni, wanaonyesha vitambulisho. Ninyi mnaotoka Nyeri au Kakamega huenda hamjui kwamba kuna Wakenya ambao kusafiri kwenda mji mkuu wao kuna sehemu ya kuthibitisha. Ndiyo maana wazee wetu mpaka leo wanaweza kukwambia "nakwenda Kenya" wakimaanisha Nairobi. Huo si mzaha. Ni historia imegeuka msemo.

Historia yenyewe ni hii, kwa ufupi. Waingereza waliliita eneo letu Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini, na kwa sheria ya 1902 wakalifanya eneo lililofungwa: kuingia na kutoka mpaka kibali. Sheria ya 1934 ikaongeza kufuli juu ya kufuli. Wakati huo huo, kusini, reli iliyojengwa kati ya 1896 na 1901 ilikuwa imeshatoka Mombasa ikapita Nairobi mpaka Kisumu. Pamoja na reli wakaja mafundi, makarani na wafanyabiashara kutoka India, wakaja maafisa wa Kiingereza, wakaja na michezo yao. Tazama timu ya Kenya ya 2003 utaona reli: familia za Kiasia za Mombasa na Nairobi, na vijana wenye asili ya magharibi mwa Kenya ambao familia zao zilihamia mjini, kama wale ndugu watatu, Kennedy, David na Collins Obuya. Kriketi ilifuata njia ya gari moshi. Gari moshi halikuja Garissa.

Mwaka 1962, kabla ya uhuru, tume ilitumwa kuwauliza watu wa kaskazini wanataka nini. Wengi walitaka kujiunga na Somalia. Hawakusikilizwa, na vita vya Shifta vikaendelea kutoka 1963 mpaka 1967. Sheria za hali ya hatari zilidumu katika eneo letu mpaka 1991. Katikati ya hapo, mwaka 1965, serikali ilitoa waraka wake maarufu namba 10, uliosema fedha za maendeleo ziende kwanza kwenye maeneo yenye uwezo mkubwa wa kuzalisha. Ardhi yetu ya ngamia na jua haikuhesabiwa humo. Kisha mwaka 1989 Wasomali wote wa Kenya waliofika umri wa utu uzima wakaamriwa wakahakikiwe, na waliofaulu wakapewa kadi ya pili, ya rangi ya waridi, juu ya kitambulisho cha kawaida. Mama yangu alikuwa nayo. Aliitunza kwenye bahasha moja na cheti cha ndoa.

Ndugu zetu wa Kiasia nao wana bahasha zao. Mwaka 2017 ndipo serikali ilipowatambua rasmi kama kabila la 44 la Kenya. Hebu fikiria: Karim alikuwa ameshaichezea Kenya Makombe matatu ya Dunia, 1996, 1999 na 2003. Alikuwepo Pune tarehe 29 Februari 1996 Kenya ilipowafunga West Indies, 166 kwa 93, moja ya maajabu makubwa ya mchezo huo. Mwaka 1999 alikuwa nahodha. Aliwahi hata kuiwakilisha nchi katika tenisi, kwenye Kombe la Davis. Na miaka 14 baada ya Durban, nchi ndiyo inaiambia jamii yake: sawa, na ninyi mmo.

Sasa unaelewa kwa nini abti alicheka. Alijiona yuko upande wa pili wa dirisha.

Na kuna jambo lingine kuhusu 2003 ambalo mtu wa Garissa hawezi kulipita. Baadhi ya mechi za kombe lile zilipangiwa Nairobi. Novemba 2002 hoteli ilikuwa imelipuliwa Kikambala, karibu na Mombasa, na New Zealand wakakataa kuja Nairobi kwa sababu za usalama. Kenya ikapewa pointi za bure. Sri Lanka walikuja, wakafungwa kwenye uwanja wa Gymkhana tarehe 24 Februari, Collins Obuya akitoa wapigaji watano. Hata hivyo, Kenya ilipoingia hatua iliyofuata, wengi duniani walisema imebebwa na zile pointi za New Zealand. Wakenya wakakasirika, na walikuwa na haki. Inauma mtu akikwambia kwenu hakufikiki, halafu ukifanikiwa anakwambia hukustahili.

Inauma, naam. Sisi tunaijua ladha hiyo. Baada ya basi kushambuliwa Mandera mwezi Novemba 2014, na baada ya tarehe 2 Aprili 2015, watu 148 walipouawa katika Chuo Kikuu cha Garissa, walimu wengi kutoka sehemu nyingine za nchi waliondoka kaskazini mashariki au wakakataa kurudi. Siwalaumu. Mtu ana mtoto nyumbani anayemsubiri. Lakini kuna mwaka nilikaa darasani bila mwalimu wa fizikia, na mtihani ulikuwa ule ule wa taifa, na matokeo yalipotoka yakasomwa kama kipimo cha akili zetu. Kila nilipoitazama timu ya 2003 nilikuwa najua hasa inacheza dhidi ya nini. Haikuwa Australia peke yake.

Kwa hiyo mipira ile hamsini, kwangu, ilikuwa jibu la aina fulani. Karim hakupiga kelele. Hakuna mpira hata mmoja aliojaribu kuurusha kama Brett Lee. Alichukua kile alichokuwa nacho, mkono wa polepole wa mtu wa miaka 39, akakiweka mahali pamoja mara hamsini, mpaka timu bora duniani ikaacha kuuliza Kenya imefikaje pale. Siku tano baadaye Kenya ilicheza nusu fainali na India, ikafungwa kwa tofauti ya mikimbio 91. Hakuna nchi nyingine ya nje ya kundi la wakubwa iliyokuwa imefika huko kabla yake.

Halafu ikawaje? Unajua ikawaje, ndiyo maana labda hujawahi kuisikia habari hii. Ugomvi wa viongozi, pesa, migomo. Maurice Odumbe akafungiwa miaka mitano mwaka 2004. Kombe la Dunia la 2011 Kenya ikapoteza mechi zake zote sita. Mwaka 2014 ikapoteza hadhi ya kucheza mechi rasmi za kimataifa za siku moja. Tuliishi na sifa ya watu wachache waliokua karibu na viwanja vichache, na tulipoambiwa tupanue uwanja, tukagawana viti. Mkono mmoja unaweza kuinyamazisha Australia kwa mipira hamsini. Kujenga shule, ligi na viwanja ni kazi ya mikono mingine, nayo haikufanya kazi.

Hilo ndilo linalonifanya niandike, zaidi ya mahaba. Kumsifu shujaa mmoja ni rahisi na ni tamu. Nchi yetu imezoea: tunampigia makofi aliyefika, tunasahau kuuliza ni wangapi ambao reli haikupita kwao. Nimekulia kati ya watoto wa malisho wanaoweza kumrudisha mbuzi kundini kwa jiwe lililorushwa mita arobaini, likatua mbele ya pua yake bila kumgusa. Ukiwaona utaelewa kwamba mkono wa Karim si mali ya Mombasa peke yake. Lakini mtoto huyo hana mtu wa kumwambia kwamba anachofanya kina jina.

Mwezi Februari 2025, mjini Wajir, Rais William Ruto alitia saini amri ya kuondoa uhakiki wa ziada wa vitambulisho kwa watu wa maeneo ya mpakani. Mdogo wangu anatimiza miaka 18 mwaka huu. Mimi nilipofika umri wake niliitwa mbele ya meza katika ofisi fulani nikaulizwa jina la babu wa babu yangu, nikalitaja, nikaulizwa alizikwa wapi. Nasubiri nione yeye ataulizwa nini.

Wakati tukisubiri, nimemwonyesha video ya Durban. Hakuuliza kama Karim ni Mkenya. Aliuliza tu kwa nini anarusha polepole namna ile na bado hawawezi kumpiga.